Maji Yakimwagika Hayazoleki, Hata Ukirudisha Mkanda Nyuma

Leo nina deni la kulipa.

Mwezi uliopita nilikuwa Ikolo, wilayani Kyela, kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nikifuatilia habari za bei ya mpunga. Habari hizo nilikwisha kuwaleteeni. Nisilowaambia ni kwamba usiku wa mwisho, baada ya kula wali kwa samaki na kukosa usingizi kwa sababu ya joto, nilifuata mlio wa spika hadi kwenye banda moja la video, haya ambayo vijana huyaita banda umiza. Nikalipa kiingilio, nikabanana na wenzangu kwenye benchi la nyuma.

Sinema iliyokuwa ikionyeshwa ni Tenet, ya mkurugenzi Christopher Nolan, iliyotoka Agosti 2020. Ni sinema ya dakika 150, na inasumbua akili hata ya mtu aliyeiona mara tatu. Magari yanakwenda kinyumenyume, risasi zinatoka ukutani na kurudi kwenye bastola, watu wawili wanapigana huku mmoja wao anaishi kuelekea jana. Mtafsiri alikuwa kijana wa hapo hapo, kashika kipaza sauti, akifanya kazi ile ile iliyompa umaarufu Derek Mukandala, yaani Lufufu, pale Dar es Salaam, na DJ Afro kwa majirani zetu wa Kenya. Lakini safari hii kazi ilimshinda. Utamtafsirije mtu anayetamka maneno kuanzia mwisho? Ilifika mahali akaacha sinema iende, akasema, "Jamani, hapa hata mimi nimeachwa stendi." Banda zima likaangua kicheko.

Sinema ilikwisha saa nne usiku. Mabishano yaliendelea mpaka saa sita. Kila benchi lilikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na mashahidi. Mwisho mtu mmoja akanitambua kwa sauti. "Shikamoo, mwandishi. Wewe umesoma, hebu tuamulie."

Nikawaambia kwamba mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, si ya fizikia. Hawakukubali. Nikaahidi kwamba nitasoma, nitauliza wanaojua, kisha nitajibu hewani. Hilo ndilo deni langu, na wasiopata kuiona sinema hiyo wasizime redio, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sote.

Nianze na kitu ambacho watu wa umri wangu wanakikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mtoto, tulikuwa tukienda kutazama video za mkanda mjini Kyela. Sinema ikiisha, mwenye deki alikuwa anarudisha mkanda nyuma bila kuzima picha. Hapo ndipo sisi watoto tulipokuwa tunafurahi kuliko sinema yenyewe. Mtu aliyeruka mtoni anachomoka majini akiwa mkavu na kutua ukingoni. Mlaji anatema nyama, na nyama inarudi kwenye mfupa. Sahani iliyopasuka inajikusanya sakafuni na kuruka mezani ikiwa nzima. Tulimwomba mwenye deki arudishe tena, naye akatufukuza.

Mchezo huo ni wa zamani kama sinema yenyewe. Mwaka 1896 huko Ufaransa, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walikuwa na picha fupi ya mafundi wanaobomoa ukuta. Walipoirudisha nyuma mbele ya watazamaji, vumbi likarudi chini na ukuta ukasimama wenyewe. Watu walishangaa kama tulivyoshangaa sisi Kyela karibu miaka 100 baadaye.

Sasa swali ni hili: kwa nini tulicheka? Tulijuaje kwamba mkanda unarudi nyuma? Hakuna aliyetufundisha. Lakini mtoto wa miaka mitano akiona maziwa yanapanda kutoka sakafuni na kuingia kwenye kikombe, anajua mara moja kwamba hapo pana uongo.

Ukimwuliza mwanafizikia atakupa jibu la kushangaza. Atakwambia kwamba sheria zinazoongoza mwendo wa vitu vidogo, kwa sehemu kubwa kabisa, hazijali mbele wala nyuma. Piga picha ya gololi mbili zinazogongana na kuachana, kisha rudisha mkanda: hakuna mtu atakayeweza kukwambia picha ipi ndiyo ya kweli. Basi kama gololi moja moja haijui mbele na nyuma, sahani iliyopasuka imejulia wapi?

Jibu lake limo katika hesabu. Chukua chupa nyembamba, weka maharage meupe 10 chini na maharage mekundu 10 juu yake, yote ya ukubwa mmoja. Tikisa. Yatachanganyika. Tikisa tena kutwa nzima, hayatarudi kama ulivyoyapanga. Je, kuna sheria inayoyakataza? La, hakuna. Ila ni kwamba zipo namna 184,756 za kuyapanga maharage hayo katika nafasi 20, na katika namna zote hizo ni moja tu ambayo meupe yote yamekaa chini na mekundu yote juu. Hayo ni maharage 20 tu. Fikiria kikombe cha chai, chenye chembe nyingi kupita hesabu yoyote unayoweza kuitamka, na hapo utaelewa kwa nini sukari iliyokwisha koroga haijitengi tena.

Aliyeipa hesabu hiyo msingi wake ni Mwaustria Ludwig Boltzmann, aliyefariki mwaka 1906, na kanuni yake imechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna. Kipimo cha mvurugiko huo wataalamu wanakiita entropi. Vitu vikiachwa vyenyewe, entropi huongezeka. Chai hupoa, moshi hutawanyika, nyumba isiyokarabatiwa huanguka. Mwingereza Arthur Eddington, mwaka 1927, aliuita mwelekeo huo mshale wa wakati. Wahenga wetu hawakuwa na chupa ya maharage, lakini sheria hiyo hiyo waliiweka kwa maneno matatu: maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa ndipo tunapoingia kwenye sinema. Nolan anatuomba tukubali jambo moja tu la kubuni: kwamba watu wa siku zijazo wametengeneza mashine ya kugeuza entropi ya kitu kimoja, huku dunia nyingine ikiendelea kama kawaida. Risasi ikigeuzwa, kwake yeye mbele ni nyuma kwetu. Mtu akigeuzwa vivyo hivyo. Sayansi haijui njia ya kufanya hivyo, na mkurugenzi mwenyewe hadai kwamba sinema yake ni darasa la fizikia. Ila hakuokota wazo hilo jalalani. Mwaka 1949 Mmarekani Richard Feynman alionyesha kwamba katika hesabu chembe iitwayo positroni inaweza kuhesabiwa kama elektroni inayokwenda nyuma katika wakati, na sinema inalitaja wazo hilo.

Ukikubali hilo moja, mengine yote yana kanuni. Mashine yenyewe ni lango linalozunguka, lina upande mwekundu wa wanaokwenda mbele na upande wa buluu wa wanaorudi nyuma. Kabla hujaingia, tazama dirishani: usipojiona unatoka upande wa pili, usithubutu kuingia. Ukishageuzwa huwezi kuvuta hewa ya kawaida, lazima uvae barakoa na kubeba hewa yako. Moto haukuunguzi bali unakugandisha, kwa sababu joto nalo kwako linakwenda kinyume. Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote, ambayo watu wa Ikolo waliisahau katika joto la mabishano, ni hii: hakuna kuruka. Ukitaka kurudi juma moja, ni lazima uishi juma moja zima ukiwa umegeuzwa, siku baada ya siku, ukila na kulala. Katika sinema wanamrudisha mwanamke aliyejeruhiwa, Kat, kwa njia hiyo, wamejifungia ndani ya kontena.

Tukiwa na kanuni hizo mkononi, twende benchi kwa benchi.

Benchi la mbele walishika hoja inayobishaniwa na wapenzi wa sinema hii duniani kote. Walisema kwamba Neil, yule rafiki mcheshi wa shujaa, aliyechezwa na Robert Pattinson, ni yule yule mtoto Max, mwana wa Kat, aliyekua na kurudi nyuma kuja kumwokoa mama yake. Ushahidi wao ni jina: Max ni kifupi cha Maximilien, na herufi nne za mwisho za jina hilo, ukizisoma kinyume, zinakupa Neil. Sinema haisemi ndiyo wala hapana, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme mtoto ana miaka 10. Akue miaka 12, awe na miaka 22. Kisha ageuzwe na kurudi nyuma miaka hiyo 12. Atafika akiwa na miaka 34, na hiyo ndiyo sura ya Neil tunayoiona. Hesabu inakubali. Kinachokataa ni maisha. Miaka 12 ya kuvaa barakoa, ya kufungiwa vyumbani na mitungi ya hewa, ujana wote umeisha humo. Haiwezekani? Katika sinema inawezekana. Ila mnaoshikilia hoja hiyo mjue mnachomtwisha kijana huyo. Hakupanda basi akashuka jana. Amelipa mwaka kwa mwaka.

Benchi la kati waliuliza swali gumu kuliko yote. Kama risasi iliyogeuzwa inatoka ukutani na kurudi kwenye bastola, basi tundu lilikuwepo ukutani kabla ya bastola kufyatuliwa. Lilikuwepo tangu lini? Fundi aliujenga ukuta ukiwa na tundu? Mmoja akasema sinema imeharibika hapo. Mimi nadhani jibu limo ndani ya sinema. Shujaa akiwa amegeuzwa anaanza kuumwa mkono, jeraha linajitokeza lenyewe, kabla hajafika kwenye pigano ambamo alichomwa. Jeraha halikuwepo tangu kuzaliwa kwake. Linachipuka muda mfupi kabla ya tukio. Wapenzi wengi wa sinema hii wanaeleza tundu la ukutani kwa njia hiyo hiyo: dunia nzima inakwenda mbele, kitu kimoja kinakwenda nyuma, na dunia ni nzito kuliko kitu kimoja. Kama mtumbwi unaopandisha mto Kiwira wakati wa mvua, alama yake majini haifiki mbali, maji yanaifuta. Si jibu kamili, lakini ni bora kuliko fundi wa kujenga matundu.

Benchi la kushoto walileta Frimasoni. Nilijua watafika huko. Mmoja alikuwa ameandika kwenye simu yake maneno matano: Sator, Arepo, Tenet, Opera, Rotas. Yapange mstari chini ya mstari, yatakupa mraba wa herufi 25 unaosomeka kutoka juu, chini, kushoto na kulia bila kubadilika. Na kweli, sinema imeyatumia yote matano. Sator ni jina la adui. Arepo ni mchoraji wa picha za kughushi. Opera ni jumba la muziki la Kiev ambamo sinema inaanzia. Rotas ni kampuni ya walinzi. Lakini mraba huo hauna haja ya jini. Umekutwa umechorwa kwenye kuta za Pompeii, mji wa Waroma uliofukiwa na volkano mwaka 79, na chama cha Frimasoni kama kinavyojulikana kilianza London katika karne ya 18. Ni mchezo wa maneno, kama mafumbo yetu. Nolan aliuokota kwa sababu sinema yake nayo inasomeka pande zote mbili. Hata lile pambano la mwisho ni dakika 10 za kikosi kinachokwenda mbele na dakika 10 zile zile za kikosi kinachorudi nyuma.

Benchi la nyuma, nilikokaa mimi, alikuwepo mwalimu mstaafu. Alikuwa amenyamaza muda wote. Alipozungumza, wote walimsikiliza. "Mwanangu," aliniambia, "haya mnayoyashangaa Mwafrika mmoja alikwisha kuyaandika, tena kwa maneno ya Kiswahili."

Alikuwa anamsema John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti aliugawa wakati sehemu mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwa maoni yake, katika fikra za Waafrika wa jadi wakati hauendi mbele bali unarudi nyuma. Matukio hutoka katika Sasa na kutitia katika Zamani, kama jua linavyotitia upande wa magharibi. Wakati ujao kwake ulikuwa mfupi sana, karibu haupo. Na mtu aliyefariki, alisema Mbiti, haondoki Sasa siku anayozikwa. Anabaki humo maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina, pengine vizazi vinne au vitano. Siku anapofariki wa mwisho anayelijua jina lake, ndipo naye anapoingia Zamani kabisa.

Wasomi wengi walimpinga Mbiti juu ya habari ya wakati ujao, na mimi nipo upande wao. Lugha yenye kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo haiwezi kuwa ya watu wasiojua kesho. Mpanda mpunga wa Ikolo anayetunza mbegu haishi bila wakati ujao. Lakini lile la jina limenikaa moyoni, na hivi punde mtajua sababu.

Mabishano yalipokaribia kwisha, kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni aliuliza swali ambalo hakuna benchi lililolijibu. "Mwandishi," alisema, "mimi nimeona kila kitu walichorudi kukizuia kimetokea vile vile. Sasa mashine hiyo ina faida gani?"

Ndugu wasikilizaji, huyo ndiye aliyeielewa sinema kuliko sisi sote. Maana ndivyo ilivyo. Katika Tenet hakuna anayebadilisha lililokwisha kutokea. Shujaa anaporudi kuzuia jambo, anakuta kwamba kurudi kwake ndiko kulikosaidia jambo hilo litokee. Wale wanaouliza, "Je, ukirudi ukamuua babu yako kabla hajaoa?" sinema inawaambia kwamba jibu halijulikani, na inasonga mbele. Yaliyotokea yametokea.

Usiku ule sikumjibu kijana yule. Niliona haya. Leo nitamjibu, na itanibidi nieleze jambo langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mwaka wangu wa pili kazini, nilikuwa katika kituo kimoja ambacho si hiki. Wakati huo simu za mkononi hazijafika kila kijiji, na msiba ulitangazwa redioni. Jioni moja alikuja mzee mmoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Dada yake amefariki, maziko ni kesho yake saa tisa alasiri, habari zimfikie mwanawe aliyeko machimboni Chunya. Aliyepaswa kuyapokea matangazo alikuwa ametoka, nikapokea mimi. Nilikuwa nakimbilia mahojiano. Nikaitia karatasi kwenye mfuko wa shati, nikasema moyoni kwamba nitaikabidhi nikirudi.

Sikuikabidhi. Kipindi cha matangazo ya vifo cha jioni kikapita, karatasi ikiwa mfukoni mwangu. Niliikuta nikivua shati usiku. Ikasomwa asubuhi saa moja, nikaisoma mwenyewe. Yule mwana aliisikia akiwa machimboni, akatoka mbio, akabadilisha magari mara tatu, akafika nyumbani usiku. Mama yake alikwisha kuzikwa saa tisa, kama ilivyoandikwa.

Siku ya nne alikuja kituoni. Nilidhani amekuja kugombana, na nilikuwa tayari. Nilimweleza ukweli wote, sikumsingizia mtu. Alinisikiliza, kisha akaomba ile karatasi. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye droo. Akaisoma, akaikunja ile mikunjo yake minne, akaitia mfukoni. Akasema, "Jina la mama ulilitamka sawasawa. Nililisikia." Akaaga, akaondoka. Sijamwona tena.

Basi, kijana wa bodaboda, unaniuliza faida ya mashine. Tuseme ninayo. Ni zaidi ya miaka 20 tangu siku ile. Kwa kanuni za sinema ningevaa barakoa na kuishi miaka hiyo yote kinyumenyume, nifike nikiwa mzee wa miaka 60 na kitu. Ningesimama nje ya dirisha la kituo na kumwona kijana mwenye haraka akitia karatasi mfukoni. Ningepiga kelele, asinielewe. Karatasi isingetoka mfukoni, kwa sababu haikutoka.

Lakini sinema ina jambo moja ambalo wengi walilipita wakiwa wameduwaa na milipuko. Mwishoni, Neil anajua kwamba kuna mlango ambao ni lazima ufunguliwe kutoka ndani, na kwamba atakayeufungua atapigwa risasi. Anajua ni yeye. Wakati angeweza kusema, "Limekwisha kutokea, nifanye nini?" yeye anafunga mkoba wake wenye uzi mwekundu na kurudi kule. Kwake, maneno hayo ya yaliyotokea yametokea si mto wa kulalia. Yametokea kwa sababu yupo mtu aliyekwenda kuyatenda.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya namna mbili za kuutumia ule msemo wetu mwingine, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wapo wanaoutumia ili wasiulizwe. Mkandarasi kajenga daraja likaanguka: yaliyopita si ndwele. Mwandishi kasahau karatasi: yaliyopita si ndwele. Wanasema nusu ya kwanza na kuketi. Lakini msemo una nusu ya pili, na nusu hiyo ni kazi. Kuganga ni kutibu. Hutibu usichokubali kwamba kinauma.

Mimi sikupata mashine. Nilichopata ni desturi moja: tangu siku ile tangazo la msiba halilali mfukoni mwangu. Ninalipokea kwa mikono miwili, ninalipeleka pale pale, na jina la marehemu ninamwuliza aliyelileta namna linavyotamkwa. Kama Mbiti alisema kweli, kwamba mtu anabaki Sasa maadamu jina lake linatajwa na wanaomkumbuka, basi kulitaja vizuri si jambo dogo.

Nina neno moja zaidi kabla hatujaagana. Mlioiona sinema hiyo mnakumbuka adui wa kweli ni nani. Sator ni wakala tu. Waliomtuma ni watu wa vizazi vijavyo, wajukuu zetu, wanaotaka kuigeuza dunia yote irudi nyuma hata kama sisi tutaangamia. Kisa chao? Bahari zimepanda na mito imekauka, na wanasema ni sisi tuliosababisha. Hiyo ni hadithi ya kubuni. Lakini nikiwa Ikolo niliwasikia wakulima wakizungumza habari za mvua zisizofuata tena majira, na mwenye shamba bondeni akihesabu mafuriko kama mwingine anavyohesabu watoto. Hawakuwa wakisimulia sinema.

Wajukuu hao hawatapata mashine ya kuturudia. Entropi haitaki, na maji yaliyomwagika hayatazoleka kwa ajili yao. Wanachoweza ni kutuma tangazo mapema, na kwa kweli limekwisha kufika. Wanasayansi wamelileta likiwa limekunjwa vizuri, na muda wa maziko umeandikwa. Limo kwenye mfuko wa shati letu, nasi tunakimbilia mahojiano.

Ndugu zangu wa Ikolo, benchi la mbele, la kati, la kushoto na la nyuma, deni langu nimelipa. Mwalimu, shikamoo. Na wewe kijana wa mlangoni, ahsante kwa swali.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.